Damu kwa mswaki si kawaida, buda

Juzi nikiwa stejini Rodi Kopany nikingoja gari la Migori, niliuliza maboyz nani hutema damu akipiga mswaki. Mikono juu, kicheko. "Ah, si ni fizi tu?"

Kidole kikitoka damu unatafuta plasta. Mdomo ukitoka damu kila asubuhi unasukutua, unaenda job.

Uchunguzi wa kitaifa wa 2015 ulikuta karibu watu wazima wote wana fizi zinazotoka damu. Basi tukaamua, kama ni kila mtu, ni kawaida. Wapi! Malaria pia imejaa huku kando ya ziwa na bado tunalala ndani ya neti.

Kuna bakteria inaitwa Fusobacterium nucleatum. Makao yake ni mdomoni, na fizi zikiugua inaongezeka. 2012 watafiti waliikuta ndani ya uvimbe wa saratani ya utumbo mpana. 2024, wengine wa Seattle, Marekani, wakachunguza uvimbe wa wagonjwa kama 200, na aina yake moja ikawa kwa karibu nusu. Ilifikaje huko chini? Unameza mate siku nzima, bro.

Kabla ukimbie TikTok kusema "meno machafu yanaleta kansa," tulia. Hakuna aliyethibitisha kwamba fizi mbovu ndizo zinaanzisha ugonjwa. Pengine bakteria inahamia tu kwa uvimbe uliopo tayari. Lakini mimi singoji kesi iishe ndio nipige mswaki usiku.

Kinachonikasirisha ni hiki: huku kwetu daktari wa meno anajulikana kwa koleo. Jino likioza linang'olewa, mnaachana. Kukwanguliwa ukoga, ule mgumu ambao mswaki hautoi na unaoficha bakteria chini ya fizi, tunaona ni mambo ya watu wa Nairobi. Kwa nini? Hospitali za rufaa ziko Migori na Homa Bay. Kaunti zitangaze kwa redio, kwa Dholuo, huduma hiyo ni siku gani na ni pesa ngapi. Mbona kampeni za siasa hutangazwa hadi kijiji cha mwisho?

Na ukiona damu chooni, usikubali kuambiwa "ni bawasiri tu," ama nyumbani waanze kunong'ona ni chira huku miezi inaisha. Nenda upimwe, hata kama una miaka 24. Saratani hii imeanza kushika vijana pia.

Maboyz wa Rodi, Jumatatu naenda kukwanguliwa. Nani anakuja?