Mlimani au Pwani: Ni Nani Atakayebaki Nyumbani?



Juma hili tunapenda kuwashirikisha swali tuliloulizwa na wanandoa wawili wa parokia yetu, ambalo tukilitazama vema linawahusu watu wengi kuliko wao. Mume ni mwalimu, mke ni muuguzi. Wote wawili wanaukaribia umri wa miaka 60, ambao ndio kikomo cha utumishi wa umma, na maisha yao yote wameishi katika nyumba za kupanga. Mume ni Msambaa wa Mtae, kijiji kilichokaa juu kabisa, kwenye ukingo wa milima ya Usambara. Mke amezaliwa Kigombe, kijiji kidogo cha wavuvi kando ya barabara itokayo Tanga kwenda Pangani. Fedha watakazopata zinatosha kujenga nyumba moja tu. Walitujia jioni moja wakatuuliza: Padre, twende wapi? Wameturuhusu tuyaandike haya, mradi tusiwataje majina.

Hatuna budi kukiri kwamba moyo wetu uliegemea mlimani. Aliyewahi kusimama Mtae asubuhi, ukungu ukiondoka taratibu na tambarare ya Mkomazi ikijitokeza chini kabisa, hawezi kupasahau. Kule kuna kabeji, viazi, maharage na matunda ambayo mtu wa pwani huyaona sokoni tu. Malaria nayo ni haba kuliko bondeni, kwa kuwa baridi huchelewesha kukua kwa mbu na kwa vimelea anaowabeba. Haba, lakini haijakosekana; na mtu mzima aliyekaa miaka mingi mahali penye malaria kidogo hana kinga ya kutosha siku anapoumwa na mbu aliyebeba vimelea hivyo.

Lakini tulimwomba mzee aache kutazama mandhari, atazame magoti yake. Kijiji cha juu ya kilima ni kupanda na kushuka: shamba liko chini, maji yako chini, na kila kitu hurudi nyumbani kwa mgongo au kwa kichwa. Kutoka Mtae hadi Lushoto mjini ni makumi ya kilometa za barabara ya mlimani, na kutoka Lushoto kushuka hadi Mombo ni nyingine kama 33, ingawa hizo za mwisho zina lami. Masika yakikaza, udongo huporomoka na utelezi huzuia magari. Mwenye miaka 40 huona jambo hilo ni usumbufu, ila kwa mwenye miaka 75 aliyeshikwa na pumu usiku wa manane ni habari nyingine.

Pwani nayo ina mateso yake, wala hatutaki kuipamba. Joto halipoi hata usiku. Mbu ni wengi. Hewa ya chumvi hula mabati na misumari, na maji ya baadhi ya visima yana ladha ya bahari. Upepo wa kusi ukivuma kwa nguvu, vyombo vidogo hushindwa kutoka na samaki huadimika. Hata ardhi yenyewe si ya kutegemewa sana: mbele ya Pangani kuna kisiwa cha Maziwe, kilichotangazwa kuwa hifadhi mwaka 1975 kwa ajili ya kasa waliokuwa wakitaga huko, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 miti yake ilikuwa imekwisha kuchukuliwa na mawimbi. Leo ni fungu la mchanga. Kwa hiyo tuliwaonya wote wawili juu ya madalali wanaonadi viwanja vya kutazama bahari. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, na anayenunua humo hununua kesi.

Walipokwisha kutusikiliza, mzee akasema kwa upole, kama mtu anayefunga kikao: "Hata hivyo, Padre, mke humfuata mume." Mama akainamisha macho. Hapo ndipo tulipotambua kwamba tulikuwa tumezungumzia hali ya hewa kwa saa nzima, ilhali jambo lenyewe halijaguswa.

Wanandoa wanapochagua mahali pa kuzeekea, hujiuliza: sisi wawili tutaishi vizuri wapi? Ni mara chache wanajiuliza ni nani atakayebaki pale peke yake. Na mara nyingi atakayebaki ni mke, kwa kuwa wanawake kwa kawaida huishi miaka mingi zaidi, na wengi wao wameolewa na wanaume waliowazidi umri. Kule Mtae mzee alikusudia kujenga juu ya ardhi ya ukoo aliyoachiwa na baba yake. Maana yake ni kwamba akiba ya watu wawili, mmoja wao akiwa amepigwa sindano za usiku wodini kwa maana ya kuzipiga yeye kwa miaka zaidi ya thelathini, ingewekwa juu ya ardhi ambayo siku ya msiba itasemewa na mashemeji.

Tumekaa katika vikao hivyo baada ya mazishi. Tumemsikia mjane akiambiwa kwa sauti laini kwamba "nyumba ni ya ukoo, ila hakuna anayekufukuza", na mwaka haukuisha kabla hajaondoka. Sheria iko upande wake: Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inampa mwanamke haki ya kumiliki ardhi sawa na mwanamume, na mila inayomnyima haki hiyo haina nguvu kisheria. Lakini kikao cha ukoo hukaa siku ya tatu, wakati mahakama hukaa mwezi wa sita, na katikati hapo mjane anahitaji mahali pa kulala.

Kwa hiyo maoni yetu ni kwamba waende Kigombe, na tuliyasema waziwazi.

Mzee alitujibu kwa hoja nzito, wala hatukuipuuza. Je, mke akitangulia, si yeye atakayebaki mgeni kwa wakwe, akichekwa kwamba ameolewa? Ni kweli. Ndiyo sababu tulishauri wasijenge katika kiwanja cha familia ya mke pia. Waombe ardhi kwa halmashauri ya kijiji, ombi lipitishwe na mkutano mkuu wa kijiji, na hati ya hakimiliki ya kimila iandikwe majina yote mawili. Tulipomuuliza kwa nini jambo hilo hilo lisifanyike Mtae, alisema kwamba kuomba ardhi katika kijiji cha baba yake kungekuwa tusi kwa ndugu zake. Tulinyamaza kidogo, naye akalisikia jibu lake mwenyewe.

Akauliza pia juu ya kanisa, maana Kigombe atakuwa jirani wa Waislamu wengi na safari ya Misa itakuwa ndefu kuliko alivyozoea. Mama ndiye aliyemjibu. Akamkumbusha ni akina nani walioleta sufuria za wali na kuchimba kaburi alipofiwa na mama yake. Juu ya mahali pa kuzikwa, mzee anataka kulala karibu na baba yake, na hilo tulimwahidi: akitangulia, tutamsindikiza hadi Mtae, hata kama ni masika.

Hawajaamua. Wamekubali kwenda Kigombe mwezi ujao, nje ya likizo, wakae majuma mawili ya joto kali bila kuoga baharini kama wageni. Alipokuwa akiaga, mzee alituuliza kama mpeasi huota kwenye mchanga wa pwani. Tulimwambia kwamba hauoti.