Mhandisi ni Nani? Kutoka Matuta ya Machakos Hadi Vihisi vya Mwilini

Kila mwanafunzi wa Kiswahili anajua kwamba nomino "mhandisi" imo katika ngeli ya A-WA, na kwamba ngeli hiyo haibagui mume wala mke. Mhandisi amefika, mhandisi ameondoka. Hata hivyo, pindi mwenye taaluma hiyo anapokuwa mwanamke, twaona lazima kuongeza "wa kike". Sarufi haikutudai nyongeza hiyo, tumeileta wenyewe. Nionavyo mimi, nyongeza hiyo ni dalili ya mazoea mabaya, na mazoea hayo yatatugharimu zaidi sasa ambapo vyombo vya uhandisi vinaingia miilini mwetu.

Tuanzie nyumbani. Katika miaka ya 1930, milima ya Machakos ilikuwa imemomonyoka vibaya. Baadaye iliokolewa kwa matuta: mtaro huchimbwa kukingama mteremko, udongo wake ukatupwa upande wa juu ukawa ukingo, maji yakapunguza mbio na rutuba ikabaki shambani. Nani waliochimba? Baada ya uhuru, aghalabu walikuwa akina mama wa vikundi vya mwethya, yaani vikundi vya Wakamba vya kusaidiana kazi, kwani wanaume wengi walikuwa wamekwenda mijini kutafuta ajira. Kuusoma mteremko, kukadiria mwendo wa maji na kuimarisha ukingo, kama si uhandisi ni nini? Na mbinu yenyewe huitwaje? Huitwa fanya juu. Jina hilo la Kiswahili limo hata katika vitabu vya Kiingereza vya hifadhi ya udongo, vivyo hivyo lilivyo. Kazi ikifanyika kwetu, jina letu husafiri nayo.

Leo uhandisi umeteremka mlimani ukaingia mwilini. Kuna vihisi vinavyovaliwa mkononi kuhesabu mapigo ya moyo. Vingine hubandikwa kwenye mkono, uzi wake mwembamba ukakaa chini ya ngozi na kupima sukari ya mgonjwa mchana na usiku. Chombo cha kurekebisha mapigo ya moyo, ambacho cha kwanza kilipandikizwa Uswidi mwaka 1958, siku hizi hukaa kifuani kwa miaka, kikiusikiliza moyo na kuushtua unapochelewa.

Wanawake wamo katika kazi hii. Zhenan Bao, mhandisi wa kemia katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, ametafiti kwa miaka mingi ngozi ya kielektroniki inayohisi mguso. Hapa jirani, Olivia Koburongo wa Uganda, msomi wa uhandisi wa mawasiliano, alimwona nyanya yake akihamishwa hospitali moja hadi nyingine kabla ya kugunduliwa kuwa anaugua nimonia. Kutokana na uchungu huo yeye na wenzake walibuni koti lenye vihisi la kusaidia kuutambua ugonjwa huo. Mwaka 2017 koti hilo, Mama-Ope, liliingia katika orodha ya wawaniaji wa Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi.

Wapo watakaouliza: kifaa kikifanya kazi, kuna haja gani ya kujua kimeundwa na nani? Wahenga walijibu zamani: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kile kifaa kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni hutumia mwanga unaopenya ngozi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kwamba kifaa hicho kilishindwa kutambua upungufu hatari wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi kuliko kwa weupe. Kifaa hakina chuki; bali hurithi usahaulifu wa waliokiunda na kukijaribu. Asiyekuwepo mezani mwili wake hausahihishiwi vipimo.

Sisi wa Kiswahili nasi tusijitoe lawamani. Mama wa Mwala au Yatta atakayeambiwa kwamba chombo kitatiwa kifuani mwake ana haki ya kuelezwa kitakachofanya, kitakachopima na atakayeyasoma matokeo yake, kwa maneno anayoyaelewa. Akikubali asichokielewa, hajakubali. "Kihisi" tumekipata kwa urahisi kutokana na kitenzi "hisi". Yako mengi mengine yanayongoja.

Chuo Kikuu cha Machakos, kilichopata hati ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2016, hufunza uhandisi na Kiswahili katika ua mmoja. Napendekeza chama chetu kiwaalike mabinti wanaosomea uhandisi, tuketi nao, watueleze vyombo, nasi tuwape istilahi na maelezo yanayoweza kusomwa zahanatini. Tuanze pia kwa kuwaita wahandisi, basi, bila nyongeza. Wazee wetu walichimba matuta kabla milima haijaisha. Udongo uwahi ungali maji.