Kopo la Aiskrimu Libaki Kwenye Friza

JIKONI KWETU
Na Rukia Athumani

Friza nyingi za mtaani zina makopo ya aiskrimu, na watoto wa nyumba wanajua kuwa ndani mna maharage. Sina ugomvi na kopo hilo likiwa kwenye baridi. Ugomvi unaanza likitolewa huko na kutiwa kwenye maikrowevu. Lilitengenezwa kubeba kitu baridi; mchuzi wenye mafuta ukichemka ndani yake, plastiki hulegea, hujikunja, na baadhi ya kemikali zake huhamia kwenye chakula.

Tukienda kununua mashine tunauliza wati na dhamana. Chombo cha kuingiza humo hatukiulizii, na muuzaji naye hasemi.

Maikrowevu haina moto. Hutoa mawimbi yanayotikisa maji yaliyomo kwenye chakula, kwa hiyo chombo chema ni kile kinachoyapisha: kioo kizito, au kauri isiyo na nakshi ya dhahabu. Zile sahani za kabatini zenye ukingo wa dhahabu, zawadi za harusi, zitarusha cheche. Melamini, pamoja na sifa zake zote za kutovunjika, hunyonya mawimbi ikapata moto yenyewe. Chungu cha udongo kilichokunywa maji hufanya hivyo hivyo. Bakuli usilolijua liweke tupu, kando yake kikombe cha maji, kwa dakika moja. Maji yakipata moto na bakuli likabaki baridi, litumie.

Oveni ya feni ina tabia nyingine. Inazungusha hewa ya moto, mara nyingi nyuzi 180 hadi 200, na humo hata plastiki yenye alama ya maikrowevu haifai. Sufuria ya alumini, isiyofaa kwenye maikrowevu, hapa inakaribishwa. Mkate wa kumimina unaiva vizuri katika sufuria ileile tuliyokuwa tukiipalia makaa juu na chini, mradi isiwe na vishikio vya plastiki.

Siku hizi mashine moja inafanya kazi zote mbili, na hapo ndipo watu huchanganya. Mwenye fedha ya chombo kimoja ningemshauri aache seti ya plastiki yenye vifuniko vya rangi, anunue bakuli la kioo la kuokea. Lisitoke tu kwenye friza likaingia kwenye oveni yenye moto, wala likitoka na moto lisiwekwe kwenye sinki lenye maji, litapasuka.