Onyo liliishia Facebook, uongo ukafika Muheza

Mama yangu mkubwa ana kawaida ya kubipu na kukata ili mimi nimpigie. Jumamosi ile alipiga kwa salio lake mwenyewe, kutoka Muheza, saa moja asubuhi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hebu nijaribie hii namba ya ofisi ya kazi. Mbona haipatikani tangu juzi?"

Nikajua hapohapo kwamba amelizwa.

Wiki mbili kabla, tangazo lilikuwa limeingia kwenye kundi letu la ukoo la WhatsApp. Lilikuwa na nembo ya kampuni kubwa ambayo kila Mtanzania anaifahamu, na chini yake orodha ya nafasi: madereva, walinzi, wapakiaji wa mizigo. Elimu, darasa la saba na kuendelea. Ada ya fomu, shilingi 25,000, zitumwe kwa namba ifuatayo. Mama mkubwa aliposoma neno madereva alimfikiria mwanawe wa mwisho, mdogo wangu, mwenye leseni lakini asiye na gari la kuendesha. Akauza majogoo wawili, akaenda kwa wakala. Siku tatu baadaye akaombwa shilingi 40,000 nyingine za vipimo vya afya. Hizo alikopa kwenye kikoba. Baada ya hapo, kimya.

Jioni nilifungua Facebook, nikatafuta jina la kampuni ile pamoja na neno ajira. Tangazo likatokea. Ilikuwa picha ileile, lakini imefunikwa kwa ukungu wa kijivu, na juu yake maandishi kwamba wahakiki wa kujitegemea wamebaini taarifa hii ni ya uongo. Nikatazama tarehe ya uhakiki. Siku tisa kabla mama mkubwa hajakwenda kwa wakala.

Siku hizo tisa zimenikaa rohoni. Kuna mtu, pengine kijana mwenye kompyuta ya mkononi na bando la wiki, alifanya kazi yake vizuri na kwa wakati, na bado kazi hiyo haikumwokoa mwanamke aliyeihitaji. Nataka kueleza kwa nini, maana wakubwa wa mitandao wameanza kusema kazi hiyo haina maana.

Facebook ilianzisha mpango wa kuwatumia wahakiki wa nje mwezi Desemba 2016, baada ya kulaumiwa kwamba iliacha uongo utambae wakati wa uchaguzi wa Marekani. Kampuni iliingia mikataba na mashirika ya habari na ya uhakiki yaliyothibitishwa na Mtandao wa Kimataifa wa Uhakiki wa Taarifa, IFCN, ulioanzishwa 2015 chini ya Taasisi ya Poynter huko Florida. Kuthibitishwa huko kuna masharti. Shirika lisiegemee upande wa siasa, litaje vyanzo vyake, liseme fedha zake zinatoka wapi, lieleze mbinu zake, na likikosea lisahihishe hadharani. Huku kwetu Afrika, Africa Check na PesaCheck ni miongoni mwa waliofanya kazi hiyo.

Wengi hudhani mhakiki hufuta machapisho ya watu. Hafuti. Anachagua taarifa inayosambaa, anaichunguza, anaandika alichokiona na kuipa daraja: ni ya uongo, imechezewa, au inakosa muktadha. Mtandao ndio unaoweka alama na kupunguza kasi ya kusambaa kwake. Anayetaka kuisoma bado anaweza kuifungua.

Niliusoma uhakiki wa tangazo lile neno kwa neno. Mwandishi wake aliwapigia wenye kampuni, wakakana. Akafungua sehemu ya Facebook inayoonyesha historia ya ukurasa, akakuta ukurasa huo ulizaliwa ukiwa wa vichekesho na ukabadilishwa jina mwezi uleule. Akaonyesha kwamba nembo iliyotumika ni ya zamani, kampuni imeshaibadilisha. Mwisho akakumbusha kwamba namba ya kulipia ilikuwa laini ya mtu binafsi. Hatua nne tu, na kila moja mimi mwenyewe niliweza kuirudia kwa simu yangu. Thamani ya uhakiki iko hapo. Mhakiki mzuri hakuombi umwamini yeye; anakuonyesha njia aliyopita ili uipite mwenyewe.

Tarehe 7 Januari 2025, Mark Zuckerberg alitangaza kwamba Meta, kampuni mama ya Facebook, Instagram na WhatsApp, inaachana na wahakiki wa nje, kuanzia Marekani. Alidai wamekuwa na upendeleo wa kisiasa mno na kwamba wamebomoa imani kuliko walivyoijenga. Mahali pao pakawekwa utaratibu kama wa mtandao wa X, ambako watumiaji wenyewe huandika maelezo chini ya chapisho lenye utata.

Utaratibu huo wa X ulianza kujaribiwa Januari 2021, mtandao ukiwa bado unaitwa Twitter, na una hekima yake. Maelezo hayaonekani kwa umma mpaka yakubaliwe na watu ambao kwa kawaida hupingana. Ukiwaona wapinzani wawili wamekubaliana juu ya jambo moja, kuna sababu ya kulisikiliza. Lakini kwa sharti hilohilo maelezo mengi huandikwa yasionekane kamwe, na mengine huonekana uongo ukiwa umeshafika mwisho wa safari. Sasa fikiria tangazo letu la kazi. Ni kambi gani mbili zinazopingana zitakazokutana chini ya tangazo la Kiswahili la ada ya fomu, zikubaliane kwamba ni utapeli? Hiyo si hoja ya siasa. Inahitaji mtu aliyepewa jukumu la kunyanyua simu na kuipigia kampuni. Na maelezo mazuri ya watumiaji wa X mara nyingi hunukuu kazi za wahakiki haohao tunaoambiwa hawafai. Ukimwondoa mchota maji, usitegemee mtungi ujae.

Sisemi wahakiki hawana kasoro. Hulipwa na kampuni ileile ambayo nyumba yake wanaifagia, na siku kampuni ikichoka, fagio linaanguka. Kanuni za Meta pia zilikataza kuhakiki maneno ya wanasiasa yaliyotoka kwa wanasiasa wenyewe, watu ambao uongo wao ndio hufika mbali kuliko wa tapeli yeyote. Hayo ni malalamiko ya haki. Ila ukiyafuata mpaka mwisho, yanakupeleka kwenye kuwapa wahakiki uhuru zaidi na vyanzo vingi vya fedha. Kuwaachisha kazi hakutibu lolote kati ya hayo.

Wiki iliyofuata nilipanda basi la Muheza. Tulikaa na mama mkubwa uani, chini ya mchungwa, simu yake katikati yetu juu ya mkeka. Nikamwonyesha ukungu wa kijivu, nikamtafsiria uhakiki, maana ulikuwa aya sita za Kiingereza. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kumbe walijua?"

"Walijua, mama."

"Sasa mbona hawakuniambia?"

Swali hilo ndilo ningependa lifike kwenye ofisi za mitandao hii. Mama mkubwa hakuambiwa kwa sababu mbili, na zote zinarekebishika.

Ya kwanza ni lugha. Tangazo la utapeli liliandikwa kwa Kiswahili safi. Onyo likaandikwa kwa Kiingereza. Tapeli alimheshimu mteja wake kuliko aliyetaka kumlinda. Wapo wanaohakiki kwa Kiswahili, kama NuktaFakti na JamiiCheck hapa Tanzania, na PesaCheck nayo huchapisha kwa Kiswahili. Lakini lugha inayosemwa kuanzia Lamu hadi Lubumbashi haitoshelezwi na vikundi vichache. Kampuni inayouza matangazo kwa Kiswahili ilipie na uhakiki kwa Kiswahili.

Ya pili ni njia. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Kwenye simu njia hiyo imerefuka. Mtu aliliona tangazo Facebook, akalipiga picha ya skrini, akaitupa WhatsApp. Picha ya skrini haibebi alama itakayowekwa kesho yake. Na WhatsApp imefungwa kwa usimbaji, kampuni yenyewe haisomi tunachoandikiana. Faragha hiyo naitetea. Sitaki mtu asome mazungumzo ya ukoo wetu. Hata hivyo yapo yanayowezekana bila kuchungulia. Mwaka 2019 WhatsApp iliweka kikomo, ujumbe usisambazwe kwa zaidi ya makundi au watu watano kwa mara moja. Aprili 2020, wakati wa Uviko, ujumbe uliokwisha kusambazwa sana ukaruhusiwa kwenda sehemu moja tu kwa wakati, na kampuni ikasema usambazaji wa ujumbe wa aina hiyo ulipungua kwa asilimia 70. Wahakiki wa nchi kadhaa wana namba za WhatsApp ambako mtu hutuma tangazo analolitilia shaka na kujibiwa. Namba kama hiyo, inayojibu kwa Kiswahili na kwa sauti, ingekuwa kwenye simu ya mama mkubwa, majogoo wake wangekuwa bado wanawika.

Wapo watakaosema kazi hii iachiwe serikali. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 16, tayari inafanya kusambaza taarifa za uongo kuwa kosa. Sheria inaweza kumkamata mtu baada ya madhara, lakini haiwezi kumkalisha mama chini ya mchungwa ikamweleza hatua nne. Tena serikali nayo hutoa taarifa, na taarifa zake nazo zinahitaji kuhakikiwa. Kuipa kazi hiyo ni kesi ya ngedere kumpelekea nyani. Mhakiki awe mbali na mwenye mtandao, na awe mbali vilevile na mwenye dola.

Jioni ile kabla sijaondoka, mama mkubwa aliomba nimbonyezee kitufe cha kurekodi. Akazungumza kwa dakika mbili. Alitaja majogoo, kikoba na ile namba. Kisha akazieleza hatua nne kwa mpangilio wake: waulizeni wenye kampuni, tazameni ukurasa ulizaliwa lini, tazameni nembo, na mkiona hela inakwenda kwenye namba ya mtu, simameni hapo. Akaituma kwenye kundi la ukoo bila kuona haya.

Zaidi ya mwezi mmoja baadaye, mwalimu niliyesoma naye, ambaye sasa anafundisha Morogoro na hajui lolote kuhusu Muheza yetu, alinitumia ujumbe wa sauti akiniambia nisikilize, unafaa. Nikabonyeza. Ilikuwa sauti ya mama mkubwa, na pale juu palikuwa na mishale miwili, ile alama ya ujumbe uliosambazwa mara nyingi.