Tahadhari: Kifafa Kinachopitia Chooni

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, hospitali ya Enarotali, kwenye milima ya Papua nchini Indonesia, ilianza kupokea watu wa kabila la Waekari walioungua vibaya, wengi kuliko ilivyozoea. Walikuwa wakianguka usiku kwenye moto wa nyumbani, wasijitambue hata ngozi inapoungua. Ilikuwa kifafa, na chanzo chake kikafuatiliwa hadi kwa nguruwe walioletwa kutoka Bali wakiwa na tegu.

Mdudu huyohuyo yuko kwetu Tanzania. Mbulu na Mbeya watafiti wamemkuta, na kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, sasa inachomwa karibu kila mtaa.

Tafadhali, ielewe njia yake, maana hapa ndipo wengi wanapopotea. Anayekula nyama ya nguruwe isiyoiva, yenye vifuko vyeupe kama punje za mchele, huota tegu tumboni, mnyoo wa mita kadhaa. Mayai ya mnyoo huyo hutoka na choo kikubwa. Nguruwe anayezurura akila kinyesi huyameza, na nyama yake hujaa vifuko. Binadamu naye huyameza kupitia mkono usionawiwa, mchicha au maji ya kisima. Yakishamezwa, vijidudu vyake husafiri na damu hadi kwenye ubongo na kuwa vifuko humo. Miaka inaweza kupita kabla mtu hajaanguka mara ya kwanza. Kwa hiyo hata asiyewahi kuonja nguruwe anaugua, iwapo anayempikia ana tegu. "Sisi hatuli nguruwe, haituhusu," nimeambiwa mara nyingi. Inawahusu! Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika maeneo mengi yenye tegu hili, ndilo linalosababisha asilimia 30 ya kifafa.

Fungieni nguruwe bandani. Msinunue nyama isiyopimwa, hata sikukuu ikikaribia na bei ikiwa nzuri. Ichomwe hadi ndani pasibaki wekundu. Na choo kiwepo, chenye maji na sabuni.

Linalonitisha zaidi ni hili. Mgonjwa wa kifafa akisikia habari ya mnyoo, asikimbilie duka la dawa kununua dawa za minyoo, prazikwanteli au albendazoli. Kifuko kikifa ghafla, ubongo unaokizunguka huvimba, na mtu anaweza kuanguka mfululizo hata kufa. Aanze hospitali, apigwe picha ya kichwa, daktari aamue. Wala asiache ghafla vidonge vyake vya kifafa, hata kama amekaa miezi bila kuanguka.

Na povu linalomtoka mgonjwa mdomoni haliambukizi, ingawa wengi wanaliogopa. Watoto wetu wanaachwa waungue kwa sababu ya woga huo. Mtu akianguka karibu na mafiga, mvute mara moja, mlaze ubavu, usimtie kijiko mdomoni. Zikipita dakika 5 angali anatetemeka, mkimbizeni hospitali.