Bomba la Moshi: Tulivike au Tuliache?



Baridi ya Julai huku Kinangop si mchezo. Baadhi yetu twakaa katika nyumba za mawe zilizoachwa na walowezi, mashamba yalipoanza kugawanywa mwaka 1962. Mahali pa moto wa zamani tumeweka jiko la chuma la kuni, na bomba lake tumelipitisha ndani ya dohani ya mawe. Hilo ni jema. Lakini mara nyingi naulizwa: je, bomba hilo livikwe kitu cha kuhifadhi joto, au ni kutupa bure fedha za maziwa?

Mimi ni karani, si fundi, lakini kosa hili nililifanya mwenyewe. Dohani yangu iko ukuta wa nje, upande wa upepo. Niliona bomba tupu latosha. Baada ya miezi miwili moshi ukaanza kurudi chumbani, na maji meusi kama lami yakachuruzika juu ya jiko. Usiku mmoja bomba likanguruma kama lori mlimani: lami ile imeshika moto! Watoto walikuwa wamelala. Nikafunga tundu la hewa, tukatoka nje sote. Kwa bahati moto ukazimika wenyewe.

Sababu ni hii. Moshi wa kuni una mvuke wa maji na lami. Ukiwa na joto hupanda upesi. Ukigusa bomba baridi hupoa, nayo lami huganda ndani, kama vile mvuke wa sufuria unavyogeuka maji chini ya kifuniko.

Wako wasemao, "Mbona walowezi hawakuvika kitu?" Wao walikoka moto wa wazi, na joto jingi lilipotea dohanini likaipasha. Jiko la chuma hubakiza joto nyumbani, kwa hiyo moshi wake hupanda umepoa zaidi.

Basi maoni yangu ni haya. Sehemu ya bomba iliyo chumbani iache wazi, maana joto lake ni letu. Lakini iwe mbali na mbao inchi 18 au zaidi. Sehemu iliyo ndani ya dohani ya ukuta wa nje, ivike. Kama dohani yako ni fupi na iko katikati ya nyumba, nawe ukikagua huoni lami, waweza kungoja.

Bomba liwe la chuma kisichoshika kutu, si bati la paa. Kulivika, mwite fundi achanganye madebe 10 ya vermikulaiti na debe 1 la saruji na maji kidogo, ajaze kati ya bomba na mawe. Usishindilie magunia, majani makavu wala unga wa mbao. Hiyo ni kualika moto.

Tena usidanganyike: bomba lililovikwa halitibu kuni mbichi. Pasua kuni zako, uziweke chini ya paa miezi 6 hadi mwaka mzima. Nalo bomba lisafishwe kila mwaka kabla ya baridi.

Gharama ipo, sikatai. Lakini ihesabu pamoja na bei ya paa, na roho za waliolala chini yake. Mimi langu nimelivika. Ndugu mkulima, wewe panda ukakague lako juma hili, kisha amua.