Walimu, msiishie kwa njegere za Mendel

Somo la urithi katika shule zetu za upili aghalabu huanza na Gregor Mendel na njegere zake. Mmea mrefu hupandishwa na mfupi, mwanafunzi akahesabu tatu kwa moja katika kizazi cha pili, akapata alama zake na kwenda zake.

Sina ugomvi na Mendel. Hata hivyo, anayeishia hapo huondoka na dhana potovu: kwamba kila sifa ina jeni yake moja, na kwamba atakayeigundua jeni ya mavuno atakuwa ameimaliza njaa.

Hebu na tuitazame shayiri, zao wanalolijua wakulima wa Mau Narok na Timau. Kila kifundo cha suke lake huwa na maua matatu. Katika shayiri ya safu mbili, ua la katikati pekee ndilo hutoa punje. Katika ile ya safu sita, yote matatu huzaa. Mnamo 2007, watafiti wakiongozwa na Takao Komatsuda wa Japani walionyesha kwamba tofauti hii hutokana na jeni moja, Vrs1, ambayo ikiharibika hushindwa kuyazuia maua ya pembeni.

Je, punje mara tatu ni magunia mara tatu? La, hasha! Shayiri ya safu sita kwa kawaida huwa na machipukizi machache na punje ndogo zaidi. Chakula cha mmea kina kikomo; kikiongezwa hapa, hupungua pale. Mavuno hutegemea idadi ya masuke, idadi ya punje na uzito wa punje. Kila mojawapo huongozwa na jeni nyingi, nyingi zazo zikiwa na nguvu kidogo tu, pamoja na mvua na rutuba ya udongo.

Hata jeni yenye nguvu ina masharti yake. Aina iitwayo Diamant, iliyotolewa Chekoslovakia mnamo 1965, ilipatikana kwa kupiga mbegu eksrei. Shina lake lilikuwa fupi, hivyo halikulala chini upesi. Lakini jeni hiyo huchelewesha pia kuchanua, na penye mvua za msimu mfupi, kuchelewa ni hasara.

Nawasihi walimu: baada ya njegere, wapelekeni wanafunzi shambani wahesabu punje za mahindi katika kila gunzi na kuzipima uzito. Aliyeyaelewa haya hatalaghaiwa na wauzaji wa mbegu za miujiza, wala hatambeza mtafiti anayetumia miaka mingi kutoa aina moja tu. Haba na haba hujaza kibaba, na jeni nazo ni vivyo hivyo.